Karatasi ikinywa maji, Mama Kwangua hupiga picha

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Kwangua anaumwagia maji ukuta wa stendi ya zamani, ndoo nzima, kisha anarudi nyuma hatua tatu na kuungoja kama mtu anayengoja chai ipoe.

Ukuta huo umejaa mabango ya uchaguzi, moja juu ya jingine, mpaka huwezi kujua nani alitangulia kubandikwa na nani alimfunika mwenzake. Kura zimeshapigwa, zimeshahesabiwa, waliokula kiapo wamekula. Mabango ndiyo yaliyobaki, na kazi ya mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, pamoja na vibarua wenzake kumi na wawili wa manispaa, ni kuyakwangua yote.

Lakini hakwangui bado. Anajifuta mikono kwenye koti la kazi, anatoa simu yenye ufa kiooni na kuisogeza ukutani mpaka unadhani anataka kuibusu.

"Karatasi ikinywa maji, rangi zinaamka," anasema bila kugeuka. "Nina dakika nne tu. Zikipita, gundi imelainika, lazima nikwangue."

Dakika nne hizo ndizo zilizojaza ukumbi wa maktaba ya mji picha zake ishirini na nne, watu wakapanga foleni kuzitazama. Ndizo pia nusura zimponze.

Jina la Kwangua alipewa na wenzake kwa sababu ya skrepa, kile kibapa cha chuma cha mafundi rangi, ambayo haimtoki mkononi hata akinywa chai. Alianza kwa kufagia barabara miaka kumi na tisa iliyopita, vumbi likamsumbua kifua, akahamishiwa kwenye kuta. Amelea watoto watatu kwa mshahara ambao, kwa maneno yake, "ukifika tarehe kumi na tano uko hoi, unahitaji kushikwa mkono."

Picha ya kwanza aliipiga kwa bahati tu. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa anashona gauni na akataka kujua mama anapenda buluu ya namna gani. Mama akaona buluu aliyoitaka kwenye bango lililolowa, akaipiga picha ili akamwonyeshe. Jioni binti akaitazama simu kwa muda mrefu, akasema, "Mama, hii si rangi. Hii ni picha." Gauni likasahaulika kwa wiki mbili.

Tangu hapo amekusanya picha zaidi ya elfu mbili. Ukuta ukiwa mkavu hupiga vitu vingine vya mjini: kivuli cha nyaya za umeme juu ya lami, mlango wa basi uliokwaruzwa, mafuta yanayoelea kwenye dimbwi mbele ya gereji. Ila mabango ndiyo roho yake, na ana sharti moja asilolivunja. Haiachi picha ionyeshe uso wa mtu wala jina la mtu.

"Nikiona jicho, naacha," anasema. "Jicho linaanza kuniomba kura."

Ukimuuliza yeye mwenyewe alimpigia nani kura, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Anasema hilo ni siri yake na sanduku, ila kwenye ukwanguaji hana upendeleo, wote wameondoka sawasawa.

Si kila mtu alicheka naye. Msimamizi wake, bwana mmoja mrefu ambaye filimbi haimtoki shingoni, alikuwa akimwona tu na simu anaipuliza. Kwake yeye huo ulikuwa uvivu mtupu, na alimwambia hivyo mbele za watu zaidi ya mara moja.

Aliyemfungulia njia ni mkutubi wa mji. Alimkuta akipiga picha ukuta wa maktaba, akaomba aone. Wakaketi ngazini wawili hao, mkutubi akitazama picha moja baada ya nyingine, mpaka wasomaji waliokuja na vitabu vyao wakaanza kugonga mlango uliokuwa bado umefungwa. Papo hapo akampa ukumbi.

Siku tatu kabla ya ufunguzi ikaja barua kutoka manispaa. Mtu alikuwa amelalamika kwamba maktaba inafanya kampeni baada ya kampeni kwisha. Ukumbi usifunguliwe, barua ilisema, mpaka mawakala wa vyama vitatu wazione picha na waridhike. Na ikibainika kwamba kibarua alitumia saa za kazi kumnadi mgombea, hana kazi.

"Sikula siku hiyo," anasema. "Nilijiambia, basi, miaka kumi na tisa inaondoka kwa ajili ya karatasi zilizochanika."

Mawakala wakaja, mikono nyuma, wakazipita picha nane. Kwenye picha namba tisa wakasimama. Ni upinde mpana wa rangi ya chungwa, mkunjo mweupe katikati, na chini yake kijani iliyochuruzika. Wakala wa kwanza akasema hilo ni bega la mgombea wa wapinzani wake, analijua lile koti. Wa pili akaapa kwamba bega ni la mgombea wa huyo huyo anayelalamika. Wa tatu akawaambia wote wawili wakapimwe macho, hiyo ni bendera.

Nusu saa ikapita. Mwishowe wakamgeukia mwenye picha.

"Humo hamna mtu, wazee wangu," akawaambia.

Hawakumwamini. Ndipo msimamizi, aliyeitwa kama shahidi na ambaye Mama Kwangua alikuwa anamwogopa kuliko wote, akakohoa na kusema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Zile dakika nne ni za maji, si zake," alisema. "Karatasi isipolowa, skrepa inang'oa plasta. Katika kikosi changu, kuta ambazo hazijawahi kuletewa fundi ni za huyu mama tu."

Wakala mkubwa kwa umri akavua miwani. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kama wao wanaolipwa kuwajua wagombea hawawajui kwenye picha, mpiga kura atawajuaje? Akatia sahihi. Wenzake wakafuata.

Siku ya ufunguzi Mama Kwangua alivaa koti lake la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi, na binti yake akavaa lile gauni la buluu. Kitabu cha wageni kilijaa majina mia nne na kumi na mbili kabla ya jua kuzama. Maktaba imenunua picha kumi na mbili za kubaki ukutani daima. "Nilifurahi mpaka nikaona haya," anasema, na machozi yanamlengalenga tena anaposimulia.

Leo, hapa stendi ya zamani, msimamizi anapita na filimbi yake. Haipulizi. Anauliza tu, "Mama, tayari?" Mama anainua kidole kimoja, na bwana mkubwa anangoja.

Mpango wake sasa ni wenzake kumi na wawili. Jumapili wanakutana nyumbani kwake, kila mmoja na simu yake, na mkutubi ameshaahidi ukumbi mwakani: watu kumi na watatu, kuta kumi na tatu. Anataka mji ujue kwamba wanaousafisha ndio wanaouona.

Na picha namba tisa, lile bega?

Mama Kwangua anatazama kushoto na kulia, kisha anaangua kicheko. Lilikuwa tangazo la duka la magodoro, lililobandikwa katikati ya wagombea. Koti lile ni pembe ya godoro, na bendera ni shuka.

Haogopi likichapishwa gazetini? Anaichovya skrepa kwenye ndoo na kuiegemeza ukutani, pale karatasi ilipoanza kuvimba.

"Andika tu," anasema. "Wameshatia sahihi."