Ardhi iliyokuwa inapumua nyuma ya nyumba ya mama mkubwa, Misugusugu

"Sasa huyu anaenda kumwaga wapi?"

Wakuu, hilo swali niliulizwa na mama yangu mkubwa tukiwa tumesimama uani kwake Misugusugu, Kibaha, tunaangalia Fuso likiondoka na uchafu wetu.



Habari zenu humu ndani. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache. Wanaonikumbuka kwenye mada za majini wanajua mimi ndiye yule dada anayeuliza "ushahidi uko wapi?" mpaka watu wanani-block. Kwa hiyo ninachoandika hapa hakina chai wala uongo hata tone. Mwenye haraka apite, atarudi akitulia.

Twende.

Baba mkubwa alipofariki, ndugu zake walimwambia mama mkubwa awaachie nyumba ya Mlandizi. Akaondoka na vyombo vyake. Akajikusanya, akajenga Misugusugu vyumba viwili vyake na kimoja cha mpangaji. Alikuwa akisema, "Hapa nitatolewa na jeneza tu."

Shida ya kiwanja chake ilikuwa korongo. Kila masika lilisogea, likawa linalinyemelea jiko.

Akafanya wanachofanya wote huku kwetu. Alichukua ubao, akaandika kwa mkaa MWAGA KIFUSI HAPA, akausimika barabarani.

Mnaijua hii. Unaweka kibao, unalala. Ukiamka, korongo lina matofali mabovu, vigae na udongo wa msingi wa mtu. Bure kabisa. Hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Nani amuulize mtu aliyemletea msaada?

Siku moja likaja lori la kitu cheupe. Kama chokaa iliyoloana, na ndani yake vibonge vya kijivu na mapipa yaliyopondwa. Mama mkubwa alifurahi. "Chokaa nzuri hii. Nitapaka mpaka choo."

Mvua za kwanza zilinyesha mchana, nami nilikuwa hapo. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwake.

Mvua ilipokatika nikasikia sauti uani.

Sssss.

Nikadhani bomba limepasuka. Nikazunguka nyuma. Hakuna bomba. Ni ile ardhi nyeupe. Ilikuwa inatoa mapovu, inapanda kidogo na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Kuku wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa nyumba, wamejibana ukutani.

Halafu ikaja harufu. Kitunguu saumu. Kikali. Na siku hiyo hatukuwa tumepika kitu.

Mpangaji, Mama Happy, mtu wa Mbeya, mlokole hasa, alitoka na Biblia kifuani. "Dada, hii nyumba ina mtu."

Nikacheka. Nikamwambia ni gesi tu.

"Gesi gani?"

Kusema "gesi tu" bila kusema gesi gani ni sawa na kusema jini tu.

Lakini aliyenitisha ni mama mkubwa. Hakukimbia. Alisimama mlangoni amefumba macho, anavuta hewa. Akasema polepole, "Baba yenu mkubwa alikuwa anatafuna saumu kila asubuhi. Kwa ajili ya presha."

Wakuu, nilijikuta narudi nyuma hatua mbili. Mimi huyu huyu wa ushahidi uko wapi.

Tangu siku ile kila mvua ikinyesha alikuwa anavuta kigoda, anakaa karibu na lile korongo. Wakati mwingine nilisikia anaongea. Nilipokaribia alinyamaza. Kitu kilikuwa kinapumua pale, mama mkubwa anakijibu, na mimi sina maelezo.

Mashemeji zake wa Mlandizi wakasikia. Wakatuma ujumbe kwamba marehemu hana raha, huyo mwanamke ahame pale. Mama Happy naye akaanza kufunga mizigo. Mama mkubwa, aliyesema atatolewa na jeneza, akaniuliza kama mjomba ana chumba.

Akaamua kwanza afukize. Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri alikuja Ustadhi Shabani wa mtaani na wamama wachache. Mama mkubwa alikuja na chetezo chake cha udongo, kile alichoingia nacho kwenye ndoa. Mdomo ulikuwa umemeguka, na baba mkubwa alikuwa amekikaza shingoni kwa waya mwekundu wa umeme. Makaa yamekolea, ubani juu.

Asubuhi ilikuwa imenyesha. Ardhi ilikuwa inanong'ona.

Akainama, akakiweka chetezo katikati ya ile chokaa.

Ardhi ikawaka.

Hakikuwa chetezo kilichowaka, ni ardhi yenyewe. Moto wa njano wenye moshi mweusi ulikimbia kwenye nyufa kama umeitwa. Ukadaka pindo la khanga ya mama mkubwa. Nikamvuta, tukaanguka wote. Huku "Allahu akbar!", huku "Shindwa kwa jina la Yesu!", kila mtu na silaha yake.

Mama Happy akaja na ndoo, akamwaga maji.

Moto ukapanda.

Akaja mwingine na ndoo. Ukapanda zaidi. Hapo ndipo Ustadhi mwenyewe alipotaka kutafuta viatu vyake.

Na hapo ndipo akili yangu ikarudi. Moto gani unakula maji? Nikapiga kelele, "Acheni maji! Leteni mchanga!" Kulikuwa na mchanga mkavu wa plasta chini ya turubai. Tukamwaga mpaka ukazimika. Chetezo kikafukiwa humo humo, hakuna aliyethubutu kukifuata. Mama mkubwa alipona na malengelenge mguuni.

Nikampigia rafiki yangu wa chuo aliyesoma kemia. Hata sikumaliza.

"Harufu ya saumu? Na maji yanaongeza moto? Hiyo ni carbide. Yale mawe mafundi wanayotumia kupata gesi ya kuchomelea vyuma. Yakikutana na maji yanatoa gesi, na hicho cheupe ndicho kinachobaki. Mtu katupa mabaki ambayo hayajaisha nguvu. Kila mvua inayamalizia. Msiguse kwa mikono. Na msiitupe hovyo, tafuteni wenye kibali cha kubeba taka za hatari."

Nikaenda kumweleza mama mkubwa. Alinisikiliza vizuri. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hata ile harufu?"

"Hata ile harufu, mama."

Akaingia ndani. Nilikuwa nimeshinda mjadala, na tangu nianze kubishana humu sijawahi kushinda nikajisikia vile.

Suala la kibali likafia kwa mjomba. "Kibali cha nini? Uchafu ni uchafu." Kesho yake akaja na Fuso na vijana wa kuchota. Nikamuuliza dereva anaupeleka wapi. Akacheka: "Dada, unataka uondoke au unataka kuusindikiza?"

Likaondoka. Mama mkubwa akauliza lile swali.

Uani pakawa kimya. Mama Happy akafungua mizigo. Mama mkubwa yuko pale mpaka leo, ila mvua ikinyesha anafunga dirisha la nyuma.

Ilipita miezi. Nikapata kazi ya muda ya kuhoji kaya, nikapangiwa Kisarawe, kata ya Kibuta. Mchana mmoja nilifika kwenye nyumba moja kando ya barabara ya vumbi. Nje kulikuwa na kibao, MWAGA KIFUSI HAPA. Nikatabasamu. Ilikuwa imetoka kunyesha.

Mwenye nyumba, bibi mmoja, aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono kabla sijazunguka kona. "Usipite huko mjukuu wangu. Huko pana kitu kinapumua."

Saumu ilikuwa imeshanifika puani.

Kabla sijamalizia, niseme nilichojifunza. Mimi nilidhani swali gumu ni "hiki ni nini?" Hilo lilijibiwa kwa simu moja. Gumu ni lile la mama mkubwa. Neno "tupa" linatudanganya, kama vile kuna mahali panaitwa mbali ambapo hakai mtu. Ukiweka kibao, kaa uone kinachomwagwa. Ukitoa uchafu, jua unapofikia. Na ardhi ikichemka mvuani, usisogeze moto wala maji, hata kama ni ubani.

Nani mwingine amewahi kuletewa kifusi asichokielewa? Wenye kujua taratibu za kuondoa taka hizi Kibaha na Kisarawe wamwage maelezo hapa, watu wasome.

Sasa mwisho wake.

Nilimwambia yule bibi kwamba hilo si jini, na kwamba wasithubutu kulifukizia. Akaniangalia kwa huruma.

"Ni jini, mjukuu wangu. Tena si la hapa. Limeletwa."

"Mmejuaje?"

"Lilikuja na chetezo chake."

Akaingia ndani, akakitoa. Mdomo umemeguka. Shingoni kimefungwa waya mwekundu wa umeme.