Nafasi ya Upande wa Kushoto

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya deki ya zamani ya kuchezea diski bado hunisimamisha popote nilipo. Ndiyo iliyojaa sebuleni kwetu, mtaa wa Migosi, likizo ile ya Desemba, kila alasiri mvua ilipotoka ziwani na kutufungia ndani, mimi na Zuhura, binti wa jirani. Tulikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ametuletea kutoka sokoni diski mbili za katuni ya Kijapani, juu ya wasichana wawili waliotunza mnara wa saa katika mji usio na watu. Hadithi hatukuielewa. Tulichokingoja ni mwisho wa kila kipindi, ambapo wasichana wawili wa kweli, waimbaji wa katuni hiyo, walitokea wamevaa makoti ya mvua ya manjano, wakaimba na kucheza bega kwa bega.

Mimi naitwa Adongo. Kwetu Waluo jina hilo halisimami peke yake: Apiyo ni pacha anayetangulia kuzaliwa, Adongo ni anayefuata. Kila mgeni aliyesikia jina langu alichungulia nyuma yangu. "Na Apiyo yuko wapi?" Mama alijibu kwa kuuliza kama mgeni anatia sukari kwenye chai. Nilichojua ni kwamba vitu vyangu vyote alivinunua viwili viwili: vikombe viwili, sweta mbili, kandambili jozi mbili za saizi moja. "Kwani wewe una miguu minne?" Zuhura alinicheka. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami sikuwa kata. Nilitamani kumjua Apiyo kuliko kitu chochote, ila niliogopa uso ambao mama angenionyesha nikiuliza.

Basi nikamfanya Zuhura awe Apiyo wangu. Tungeimba wimbo ule kwenye sherehe ya watoto wa mtaa ya kufunga mwaka. Niliyaandika maneno kwa kusikia tu, silabi kwa silabi, kwenye daftari la hesabu, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima. Ninakiri nilikuwa mtesaji. Zuhura alipochelewa kuinua mkono nilimrudisha mwanzo hata mara ishirini. "Adongo, hao Wajapani hawatakuja kutusahihisha," alilalamika. Mama akatushonea makoti ya manjano: moja la Zuhura, na mawili yangu.

Kisha tukaingia diski ya pili. Katika wimbo wa mwisho wa kipindi alikuwepo msichana mmoja tu. Alicheza hatua zilezile upande wake wa kulia, akiacha kushoto kwake nafasi ya kutosha mtu mmoja. Alipofika mahali pa kushikana mikono aliunyoosha wake, akakunja vidole hewani. Na sauti zilikuwa bado mbili. "Si ni rekodi ya zamani tu, wewe!" Zuhura alisema, lakini alisogea karibu nami, na hatukuiweka diski hiyo tena.

Siku tatu kabla ya sherehe, Zuhura alivimba mashavu kwa matumbwitumbwi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mimi niliendelea. Nilizima deki, nikafunga dirisha, nikajirekodi kwa simu ya mama ili nitafute makosa yangu. Niliposikiliza, sauti zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa nyembamba, haikukosea hata silabi moja, na ilianza kila mstari nusu pumzi kabla yangu.

Mama aliingia akanikuta nimeishika simu kwa mikono yote miwili. Akaichukua, akasikiliza.

"Nani alikuwa na wewe hapa?"

"Hakuna mtu, mama. Zuhura ni mgonjwa."

"Sikuulizi Zuhura."

Akairudia rekodi, simu ikiwa imebanwa sikioni. Mvua ilipopungua ndipo aliposema, taratibu, kama anayemweleza mtu njia: "Ni yeye. Hata kuzaliwa alikutangulia. Alikaa na sisi siku nne." Nilikuwa nimeungoja uso ule maisha yangu yote. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia mlango ukibishwa.

Siku ya sherehe nilisimama kulia, nikaacha nafasi. Mama alikaa mstari wa mbele, koti la pili mapajani. Niliimba bila kosa, na nilipomtazama ili anione, niligundua hanitazami. Macho yake yalikuwa kando yangu kidogo, kushoto, yakienda na kurudi na mtu anayecheza.

Sasa ninaishi Maseno, na Kijapani nimejifundisha mwenyewe kwa simu. Ule wimbo uliotutisha, kumbe unahusu nguo zilizokataa kukauka. Waimbaji wale hawakudumu hata mwaka. Katuni iliisha, na sijapata popote palipoandikwa walikokwenda. Watu wakiniuliza Apiyo yuko wapi, ninawajibu kwamba alifariki, na chai inaendelea. Simu ya mama ilikufa zamani pamoja na rekodi yake. Yangu ya leo inaondoa yenyewe kelele zote za nyuma. Nimejirekodi mara nyingi kuliko ninavyothubutu kusema, na kila mara sauti ni moja, safi, haina kosa. Hata hivyo, kabla ya kuanza mstari, bado ninasubiri nusu pumzi, ili wa kutangulia atangulie.