Mstari wa Rangi Kwenye Nati

Kisu cha mashine ya majani kilipoanza kuyumba nilikuwa nakata mbele ya nyumba ya wageni mjini Mbarara, na mpishi wa pale alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya njegere. Nilihisi mtetemo mikononi kabla ya kusikia mlio. Nikazima mashine. Nati inayoshika kisu ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Ingefunguka kabisa, kile chuma kingeruka kwenye mguu wangu, au pale kwenye ngazi.

Nilikuwa nimeikaza mwenyewe jana yake jioni. Sina shaka, kwa sababu mimi si mtu wa kukaza na kusahau. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simu na kwa uoga. Natoa waya wa plagi, injini isije ikawaka, kabla ya kugusa kisu. Naokota mawe na vizibo vya soda uwanja mzima kabla ya kuwasha. Navaa buti na miwani ya plastiki hata jua likiwaka, na wapita njia wanacheka: msichana gani huyu anayekwenda vitani na majani? Nikishaangalia kitu, naangalia tena.

Basi nani aliilegeza?

Mashine hulala kwetu Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nyumbani kwa dada yangu. Sisi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini. Mume wake ni Mrundi. Huyo shemeji ndiye huibeba kwa baiskeli hadi Rwekubo, kisha tunapanda gari la Mbarara. Mimi nakata, yeye anakusanya kwa reki. Ameomba mara nyingi tubadilishane, nami nimekataa kila mara, kwa sababu anaacha vishungi vya majani nyuma yake. Siku chache kabla alikuwa amesema akicheka, "Shemeji, siku moja hiyo mashine itakuchoka, itanifuata mimi."

Maneno hayo yalirudi kichwani nikiwa garini, nikitazama kisogo chake. Siku hiyo hata chai aliyoninunulia sikuinywa.

Nyumbani nilimuuliza dada, kama utani, "Bwana yako ananipendaka?"

"Anakupendaka kunipita mimi. Amekufanya nini?"

"Hakuna."

Nikachukua rangi yake ya kucha, nyekundu. Ijumaa jioni, baada ya kukaza, nilichora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye kisu. Nati ikisogea, mstari unakatika. Kesho yake Mbarara, kabla ya kuwasha, nikauangalia. Ulikuwa umekatika. Nikakaza upya, nikachora upya, na siku nzima sikumpa mgongo.

Jumamosi iliyofuata niliamka kabla yake nikajificha jikoni. Alitoka na spana. Alikaza gurudumu la mbele la baiskeli, la nyuma, kisha kiti. Halafu akainamia mashine, akazuia kisu kwa kipande cha ubao, akavuta spana upande wa kulia.

"Unafanya nini hapo?"

Hakushtuka, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Minakaza. Njia ya Rwekubo inalegeza kila kitu."

"Kila tukienda unakaza?"

"Tangu niliona unaogopa hii mashine. Nikasema nikusaidie."

Nilimwonyesha mstari uliokatika. "Nati hii inakazwa kwa kushoto, shemeji. Wewe unaifungua."

"Ekru gani inakazwa kwa kushoto?" Alinitazama kama mtu anayedanganywa, na nikaona kwamba sasa yeye ndiye anayenishuku mimi. "Sema tu hutaki niiguse."

Nikavuta spana kushoto hadi ikagoma. Nikamwambia ajaribu kwa vidole. Alijaribu, haikusogea, uso wake bado umekunjwa. Kisha akachuchumaa kando ya baiskeli yake na kushika pedali ya kushoto, ile ambayo kila mwenye baiskeli Juru anajua kwamba hufungwa kinyume.

"Kama hii," akasema polepole.

"Kama hiyo."

Akakaa chini kwenye vumbi. "Na mimi ndiye nilikuwa nakufungulia."

Nilichora mstari upya, lakini sikumwambia nilichokuwa nimekiwaza. Nadhani alikijua, maana njiani hakufanya utani wowote. Tulipofika kwenye ile nyumba ya wageni Mbarara nilimpa buti zangu, zikamkataa, akabaki na zake za shambani. Miwani ilimtosha. Nikamvisha mkanda wa mashine begani, nikamwambia asiwashe mtu akiwa karibu. Alipoinama kufunga kamba za viatu, nikachungulia kisu haraka haraka, kisha nikachukua reki na kusimama mbali, upande wa ngazi.

Alishika kamba ya kuwashia, akaiachia.

"Njoo uangalie ekru."

"Nimeshaangalia."

"Najua. Nimekuona. Angalia tena."

Nikarudi nikapiga magoti kwenye majani. Mstari ulikuwa mzima.