Bloku Zilizokula Moshi

Roselyne Nasimiyu hakuwa mtu wa kuambiwa "haiwezekani" akanyamaza. Alikuwa akifyatua bloku hapa Tuwan, Kitale, ukuta kwa ukuta na Gathogo mwenye mashine ya kukausha mahindi. Mashine hiyo ilichoma magunzi mchana kutwa, hadi nguo zilizoanikwa zikanuka moshi. Mtaa mzima ulimgombeza Gathogo. Roselyne peke yake alimwendea akamwambia, "Baba Nyambu, huo moshi nipatie mimi."

"Moshi? Ati uupeleke wapi, bana?"

Roselyne alikumbuka shuleni walivyopuliza pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, yakawa meupe kama maziwa. Chokaa hunasa hewa ya ukaa, iliyomo katika pumzi na moshi, ikawa jiwe. Viwanda vya simiti huitoa kwa wingi, nayo huzidisha joto duniani. Basi yeye angetia simiti kidogo, chokaa zaidi, kisha azilishe bloku moshi uliopozwa kwenye bomba refu.

Kule Bungoma, mvua ilikuwa imebomoa nyumba ya mama yake, Sellah, na mtu mzima yule alikuwa akilala jikoni kwa watu. Roselyne aliapa kumjengea kwa bloku hizo. Mdogo wake, Wangila, alichukua moja ya bloku za kwanza akaiangusha. Ikamwagika kama unga.

"Dada, si umuue mama mara moja tu?"

Maneno hayo yalimchoma. Alilia, halafu akakasirika, halafu akafikiri. Kosa lilikuwa la mazoea: alizilowesha bloku na kuzifunika magunia, kama afanyavyo kila fundi. Vitundu vyote vilijaa maji. Moshi ungepitia wapi? Safari hii alizianika kivulini zikabaki na unyevu kidogo, ndipo akazifungia na moshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hadi mgongo ukalalamika.

Wangila alirudi, akapanda juu ya pipa, akaiachilia bloku. Ilitua kwa kishindo. Ikamegeka pembe kidogo, basi. Aliiokota, akaigeuzageuza, akauliza lori la kuzipeleka Bungoma litakuja lini.

Nyumba ilipokwisha, Mama Sellah aliupapasa ukuta. "Hii ukuta imekula moshi ya huyo Gathogo?"

"Imekula, mama."

"Basi ikule na yangu," akasema, akapiga magoti kuwasha moto wake mwenyewe.