Dirisha la Kushoto

Kwa miaka minne lile Pijo jeupe lilikaa chini ya ghorofa yao kule Vårby gård, na kwa miaka minne Leokadia hakutoka kwenda kazini kabla ya kulichungulia dirishani, kama mwanamke anavyofunua majivu alfajiri kuona kama moto wa jana bado upo. Usukani wake ulikuwa upande wa kulia. Uswidi nzima inapita kulia na kuendesha kwa usukani wa kushoto, kwa hiyo gari lile halikuwa na maana yoyote Stockholm. Maana yake ilikuwa moja tu, na mumewe Ladislaus aliitaja kwa kinywa chake siku alipolinunua kwa Mkenya mmoja, Wanjohi, aliyekuja nalo kutoka London.

"Hili, Mama Domina, ni la kurudia Bukoba. Kwetu usukani uko huku."

Domina mwenyewe alikuwa Bukoba. Leokadia alimwacha kwa bibi yake mwaka sitini na saba, mtoto wa miaka minne, alipomfuata mume aliyekuwa akisomea upimaji wa ardhi. Miaka miwili tu, waliambiana. Masomo yakaisha, Ladislaus akapata kazi, miaka miwili ikawa minane, na Domina sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na sauti ambayo mama yake hakuijua. Kila Krismasi barua ilikwenda nyumbani. Ladislaus ndiye aliyeandika, maana Leokadia hakusoma. Baba yake alisema ada ni ya wavulana, basi ikawa hivyo. Tangu gari linunuliwe, kila barua ilisema neno lile lile: mwaka kesho tunakuja, gari tunalo. Leokadia alirudi kwenye kazi yake ya kupiga pasi mashuka ya hospitali akiwa na kitu kimoja tu cha kushika moyoni, nacho ni usukani ule.

Mwaka sabini na tano ulikuwa Mwaka Mtakatifu, wa Wakatoliki kuhiji Roma. Ladislaus akatangaza kwamba Julai wangeenda Roma kwa gari, yeye, mkewe, na dada yake Gaudiosa, muuguzi aliyekuwa akikaa Hagsätra. Leokadia alishangaa. Mtu huyu hajawahi kumpeleka mbali kuliko Södertälje. Akajiuliza ni pepo gani mwema amempitia.

Gaudiosa ndiye aliyemshusha, siku wanapakia mizigo. "Wifi, usijione bibi arusi. Subiri tufike Italia, utajua kwa nini umewekwa mbele."

"Nimewekwa mbele kwa sababu ni mke wa mtu."

"Haya, mke wa mtu. Panda."

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Tiketi za vivuko vya Denmark walishanunua Stockholm, na Ujerumani barabara ilikuwa ya bure, hata Ladislaus akapiga mluzi. Ndipo wakapanda milima ya Austria, na kwenye ile barabara ya Brenner wakakuta safu ya vibanda vya ushuru. Kila kibanda kilikuwa upande wa kushoto, ambako dereva wa kila gari aliketi. Kwenye Pijo aliyeketi huko alikuwa Leokadia.

"Teremsha kioo," Ladislaus akamwambia, akimtia noti mkononi. "Mpe."

Ndani ya kibanda alikuwemo mzee mwenye sharubu nyeupe, wa umri wa baba yake. Leokadia hakuweza kumpa mzee kitu kwa mkono wa kushoto. Alikotoka, mkono ungemkauka. Akajipinda kiunoni mpaka mgongo ukalia, akaupitisha mkono wa kulia mbele ya kifua, akakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto kama inavyopasa, akainamisha kichwa kidogo na kumpa mzee noti. Mzee akatabasamu. Nyuma yao honi zikaanza.

"Toa! Toa tu!" Ladislaus akafoka. "Huyo si mkwe wako!"

"Nimpe mtu mzima kwa mkono wa kushoto?"

"Mpe hata kwa mguu!"

Gaudiosa akacheka mpaka akakohoa. Lakini kizuizi kiliponyanyuka na wakaondoka, Ladislaus alisema neno jingine, polepole, macho yakiwa barabarani. "Gari hili litanitoa roho. Tukirudi naliuza, ninunue la kizungu kama watu wengine."

Neno hilo lilimwingia Leokadia kama mwiba wa samaki kooni. Gari likiuzwa, ni nini kitakachobaki cha kuandika kwenye barua? Akajiapia palepale, katikati ya ile milima, kwamba hakuna kibanda kitakachomchosha mumewe tena. Angelifanya dirisha lile kuwa kazi yake, na kuifanya vizuri kiasi kwamba Ladislaus asingekumbuka usukani uko wapi.

Akajifunza. Barabara za Italia zilikuwa na desturi yao: ukiingia hulipi, unapewa kadi, ukitoka ndipo unaitoa hiyo kadi, nao wanajua umetoka wapi na udaiwe kiasi gani. Kadi ikipotea, unalipishwa kana kwamba umeanzia mwisho wa dunia. Leokadia aliifunga kadi kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. Noti za lira elfu na za elfu kumi zote zilikuwa na mzee mwenye ndevu. Akazitofautisha kwa ukubwa, akiwaita moyoni mdogo na mkubwa. Alianza kujipinda mapema, kibanda kikiwa bado mbali, ili wakifika mkono wa kulia uwe tayari uko nje. Kiuno kilimuuma usiku. Alikikanda mwenyewe gizani.

Walipotoka barabarani karibu na Verona, mtu wa kibandani alimrudishia noti ndogo, na juu yake peremende tatu.

"Nini hii?" Ladislaus akasema.

"Chenji."

"Chenji gani, peremende? Ona walivyokuona huna kisomo, wanakunyamazisha kama mtoto!"

"Wifi kauziwa pipi," Gaudiosa akaongeza kutoka nyuma, akanyoosha mkono kuomba moja.

Leokadia akazifungia peremende zote tatu kwenye kanga. Jioni ile Ladislaus aliingia dukani kununua sigara, akatoka na stempu mbili na peremende nne, maana Italia nzima mwaka ule haikuwa na sarafu. Alizitia mfukoni haraka. Leokadia aliona, naye Ladislaus alijua ameonwa.

Vibanda vilivyofuata alivipita kama maji. Kufika Bologna Ladislaus aliacha hata kumwagiza. Leokadia akaanza kuthubutu. "Baba Domina, gari hili si baya. Linatulia barabarani."

"Mm," akasema Ladislaus.

Aliichukua ile *mm* akaiweka moyoni kama akiba.

Basi wakafika Firenze. Kibanda kilikuwa chembamba, na Ladislaus, kwa kuogopa kukosa, alilisogeza gari mpaka likabaki shubiri moja kutoka kwenye ukingo wa saruji. Leokadia alishafungua fundo. Alishajipinda. Kadi ilikuwa kati ya vidole vyake, mkono umekwisha kutoka nje, ndipo lori likapita mbio kwenye njia ya jirani na upepo wake ukaing'oa kadi. Aliiona ikicheza hewani mara moja, halafu ikaingia chini ya gari.

Akaufungua mlango. Mlango ukagonga saruji na kukataa. Akausukuma tena. Mbele yake kizuizi kilikuwa chini, nyuma magari yalikuwa yamebanana mpaka jua linapochwea, na honi zilipigwa kama kwenye arusi. Mkono wake ulikuwa bado nje, mtupu, na mtu wa kibandani ameunyooshea wake.

"Kadi!" akasema mtu yule.

"Iko chini," akasema Leokadia kwa Kiswahili. "Iko hapo chini, baba, hapo tu."

Ladislaus akashuka upande wake, akapiga magoti kwenye lami na suruali yake nzuri, akatafuta. Kadi haikuwepo. Pengine ilikwama kwenye chuma, pengine iliendelea na upepo. Akarudi na mafuta kwenye magoti, akalipa kana kwamba wameanzia mwisho wa dunia.

Aliendesha kama kilometa moja, kisha akasimama pembeni. "Gaudiosa. Njoo mbele."

"Baba Domina, nipe kibanda kimoja tu," akasema Leokadia. "Kimoja. Nitaishika kwa meno."

"Hakuna kingine. Tukifika Stockholm naliuza. Umeniaibisha vya kutosha."

Mpaka Roma Leokadia alikaa nyuma, kati ya sanduku na kapu la vyakula, magoti yakigusa kiti cha mbele. Alimtazama wifi yake akitoa kadi kwa mkono wa kushoto, bila kugeuza shingo, akitafuna jojo, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Hakuna honi iliyopigwa. Ilikuwa rahisi hivyo. Roma, alipopita kwenye Mlango Mtakatifu ambako watu walilia dhambi zao, Leokadia hakukumbuka hata moja ya kwake. Aliliombea gari.

Walirudi kwa njia ile ile, yeye akiwa nyuma. Kwenye kivuko cha kutoka Ujerumani, Ladislaus alikwenda kupanga foleni ya pombe isiyotozwa ushuru, na wanawake wawili wakabaki mezani na kahawa. Leokadia aliona nafasi haitakuja tena.

"Wifi, nakuomba. Zungumza na kaka yako. Kosa nilifanya mimi, lakini asiliuze gari kwa ajili ya kosa langu. Anakusikiliza wewe."

Gaudiosa aliweka kikombe chini. "Kosa lako?"

"Ile kadi."

"Wifi." Akamtazama kama anavyomtazama mgonjwa ambaye daktari hajamwambia. "Gari liliuzwa tangu Pasaka. Kuna mpeleka barua wa mashambani, huko upande wa Norrtälje. Anataka usukani wa kulia, afikie masanduku ya barua ya barabarani bila kushuka. Alishatoa arubuni. Kaka alimwomba tu amwachie mpaka Agosti, twende Roma."

Leokadia alisikia injini za kivuko miguuni.

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Labda aliogopa hungekuja. Na dirishani angekaa nani? Mimi nilimwambia toka mwanzo nataka kulala nyuma." Kisha Gaudiosa akapunguza sauti. "Nilidhani unajua. Haki ya Mungu nilidhani unajua."

Ladislaus alirudi na chupa zake mbili, akauliza kama kahawa ni nzuri.

Mpeleka barua alikuja Jumamosi ya pili ya Agosti, kijana mwekundu mwenye adabu, akalizunguka gari akicheka kwa furaha, akaondoka nalo. Jumapili, kwenye kahawa baada ya misa, Ladislaus aliwasimulia watu habari za safari. Aliuigiza mkono wa mkewe ukijipinda, akaigiza kadi ikiruka, akapiga magoti hasa kwenye sakafu ya ukumbi. "Nikasema basi! Gari na mwanamke huyu haviwezekani pamoja, na mke wa kanisa hauzwi!" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama mmoja alimpiga Leokadia begani, pole mwenzangu, umetuuzia gari.

Nyumbani alimkuta Ladislaus na gazeti.

"Pasaka," akasema Leokadia.

"Pasaka nini?"

"Nimesema Pasaka."

Gazeti lilishuka kidogo. Ladislaus alitafuta uongo, akaukosa. "Kule kuna nini, Mama Domina? Sukari kwa foleni? Nirudi nikapime mashamba kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi? Hapa tuna maji ya moto."

"Kule kuna Domina."

"Domina tutamletea nguo."

Akalinyanyua gazeti. Leokadia alisimama katikati ya sebule. Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya Ladislaus, na nauli ya ndege ilikuwa mashuka ya mwaka mzima. Na hata angepata vyote viwili, asingeweza kusoma ubao unaosema ndege ya wapi. Alikuwa ameketi miaka minane kwenye gari ambalo mlango wake haufunguki, ila Firenze tu ndiko alikojaribu kuusukuma.

Jumatano, alipotoka kazini, hakurudi nyumbani. Alipanda treni mpaka mjini, akahesabu vituo kwa vidole, akabadilisha, akapanda ya Hagsätra mpaka mwisho wa reli. Gaudiosa alifungua mlango akiwa na sare ya kazi. Leokadia alitoa karatasi na bahasha kwenye mkoba.

"Niandikie barua kwa mama."

"Kaka huwa anaandika."

"Hii utaandika wewe. Unanidai peremende, wifi, lakini mimi nakudai zaidi."

Gaudiosa akakaa mezani, akatafuta kalamu.

"Mwambie mama ile migomba ya shamba la kibanja anayonitunzia ampe dada yangu. Mwambie wasimzuie Domina nyumbani kwa kunisubiri. Masista wa shule ya bweni wakimtaka, aende, na wasiuze kahawa yangu kwa kitu kingine ila ada yake. Na mwambie..." Aliilainisha bahasha kwa kiganja. "Mwambie asinisubiri mwaka kesho. Wala wa kesho kutwa."

Kalamu ilisimama. "Wifi, hii ni barua ya kifo. Mama yako ataanguka. Atauliza kwa nini. Niandike sababu gani?"

"Andika gari limeuzwa."

"Basi?"

"Basi. Miaka minne tumewaambia gari. Wataelewa."

Gaudiosa aliandika. Leokadia alisimama nyuma yake, akiyatazama maneno yakitoka, meusi na madogo, bila kujua lipi ni lipi.