Sentensi Iliyosomwa Darasani

Miezi ya marufuku ya uvuvi, harufu ya chisense, wale dagaa wetu wa Ziwa Mweru, hupungua sokoni Nchelenge. Nyumbani kwa mama mdogo haikupungua. Aliwanunua kisirisiri kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, akawaficha chini ya unga wa muhogo ndani ya magunia, nasi watoto tukalala chumba kimoja na magunia hayo. Nililetwa kwake kutoka Kongo mama alipofariki, nikawa nalala kitanda kimoja na bintiye, Solange.

Solange alinishinda kwa kila kitu, hasa Kiingereza. Nilimwonea wivu hadi nikachukia namna alivyochonga penseli. Kila Ijumaa mwalimu aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza, kila mmoja akatunga sentensi, na iliyo bora ilisomwa darasa zima likiwa limesimama. Kila Ijumaa tulisimama kwa ajili ya Solange.

Ijumaa moja mwalimu aliandika "working undercover", akaeleza kuwa ni kufanya kazi kwa siri huku ukijifanya mtu mwingine. Solange akatunga ya askari aliyejifanya fundi cherehani. Nilichungulia daftari lake, roho ikaniuma. Mimi sikuwa na askari. Nikaandika nilichokijua: mama yangu mdogo huonekana akiuza unga, kumbe ndani mna samaki wa marufuku.

Mwalimu akachagua yangu. Darasa likasimama, akiwemo binti wa afisa wa uvuvi. Nilifurahi, tena sana. Solange alisimama na wenzake bila kunitazama.

Jumatatu magunia yakachukuliwa yote.

"Ni nani alibaambia?" mama mdogo aliuliza akilia.

Nikashika ufagio, nikafagia unga uliomwagika. Solange akajibu, "Mama, sijue."

Biashara ilipokufa, ilibidi mmoja wetu aache shule akasaidie shambani. Nilijua ni mimi, mgeni.

"Mutoto wa dada yangu hawezi kuacha masomo," alisema mama mdogo. "Batu batasema nini?"

Akaenda Solange.

Leo nafundisha Kiingereza hapahapa mjini, naye bado analima muhogo. Watu wakinisifu mbele yake, huwaambia, "Huyu alikuwaka na akili tangu butoto." Mara nyingi nimemchunguza uso nikitafuta kejeli, sijaiona. Wivu wa Kiingereza ulinitoka zamani. Sasa namwonea wivu moyo wake, na kwa moyo huo najua hata nikitoa siri ya mtu sitamshinda.