Tarehe Mbele ya Jina la Gitari

Wambeti, binti wa kijiji cha Karurumo aliyepanga nyumba mtaa wa Dallas huko Embu mjini, aliandika programu za kompyuta kwa lugha ya Kobol tangu mwaka wa themanini na tano, wakati wenzake katika ofisi ya ushirika wa kahawa wakiiogopa kompyuta kama mbwa wa jirani. Na mdomo alikuwa nao, jamani. Karani akilalamika kwamba mashine imekosea, aliambiwa mashine haikosei, mwenye kosa ni aliyeituma. Kobol, aliwafundisha, ni lugha ya watu wenye mpango: kabla hujaleta data unaitengea visanduku, kila kimoja na jina lake na ukubwa wake, hiki cha jina la mkulima, hiki cha tarehe. Ukishaweka kitu humo, kinakaa mpaka ukifute au uweke kingine.

Hayo aliyajua vizuri. Asilolijua ni alikokuwa Gitari, kaka yake.

Gitari aliondoka nyumbani baada ya kugombana na baba, na hata baba alipozikwa hakuonekana. Miaka sita sasa. Mama yao alikataa katakata namba yake ifutwe kwenye chama cha ushirika cha kahawa. Kwa hiyo kila mwezi, kompyuta ilipochapa orodha ya wakulima na siku waliyoleta kahawa mara ya mwisho msimu huo, Gitari alikuwamo, jina tupu bila tarehe. Wambeti alilitafuta jina hilo kwanza kabla ya yote.

Novemba aliiandika upya programu ile, na karatasi ikatoka na tarehe mbele ya Gitari. Jumanne iliyopita!

Moyo ulimpiga paa. Yeye aliyewacheka makarani hakukagua chochote. Jumamosi asubuhi alifika Karurumo, akapitia kwanza kwa mama, akamwambia. Mama aliingia ndani. Alitoa blanketi la Gitari kabatini akalianika uani.

Kisha akaenda kiwanda cha kahawa cha hapo kijijini, ambako Mutugi, karani wa mizani, alifungua kitabu cha Jumanne na kupitisha kidole mara mbili. Gitari hakuwamo. Aliyeleta kahawa siku hiyo ni Ishmael, jirani yao, ambaye namba yake inatangulia ya Gitari. Wambeti akaelewa pale pale. Alipoiandika upya programu, aliiagiza kompyuta kwamba mkulima akiwa na tarehe, itiwe kisandukuni. Asipokuwa nayo, isitie kitu. Hakuagiza kisanduku kifutwe kwanza. Tarehe ya Ishmael ilibaki humo, ikachapwa mbele ya jina la kaka yake. Kweli mganga hajigangi.

Alirudi nyumbani polepole. Mama alikuwa amechinja kuku. Wambeti alimweleza yote, bila kujitetea, na mama akasikiliza mikono ikiwa imelowa maji.

“Na hilo kosa,” mama akauliza, “usipolirekebisha, mwezi ujao atatoka tena na tarehe?”

“Atatoka, mama. Lakini itakuwa ya mtu mwingine.”

“Nimesikia. Liache tu. Uwe unaniletea hiyo karatasi.”

Wambeti akaenda kupakua chakula. Walikula yule kuku wawili, na blanketi likabaki kwenye kamba mpaka jua likatua.

Jumatatu aliandika ile sentensi moja ya kufuta kisanduku. Alianza saa mbili asubuhi, akaimaliza saa kumi jioni.